Kibwebwe Chini ya Tumbo

Msikilizaji, kama uko jikoni endelea na kazi yako, nami nitazungumza huku ukichambua mchele. Ila kama umeketi juu ya mbuzi unakuna nazi, na mimba yako imeshatimiza miezi saba, inuka kidogo, tafuta kiti chenye mgongo. Mazungumzo ya leo yameanzia hapo hapo ulipokaa.

Mbuzi tunaijua sote: kibao cha kukunja, ulimi wa chuma wenye meno, bakuli chini yake. Unaikalia mguu huku na mguu huku, unainama, unakizungusha kifuu kwenye meno, na kila mzunguko unasukumwa na kiuno na mapaja kabla haujafika mikononi. Mimi nilikuwa na mimba ya pili, Ijumaa moja asubuhi, nazi mbili za wali na moja ya mchuzi. Nazi ya tatu ilipokwisha nikataka kuinuka. Sikuinuka. Kitu kilinikata mbele, kwenye mfupa wa kinena, kikapita ndani ya paja, kikaibukia nyuma juu ya kalio la kulia, na pale kinenani pakatoka mlio mdogo, ko, kama mtu anapoalisha vidole. Nikabaki nimeshika mwimo wa mlango, bakuli mkono wa pili, nikimwita wifi yangu.

Kila aliyekuja alikuwa na jina lake la kuyaita maumivu yale. Mama mkwe alisema chango. Wifi alisema mtoto amekaa vibaya, nilalie ubavu wa pili atageuka. Jirani, mama wa watoto sita, alicheka: "Hilo dume hilo. Madume ndiyo yanavyowavunja mama zao." Kliniki, wiki iliyofuata, nesi alinipima presha, akapima mkojo, akasikiliza mapigo ya mtoto. Yote salama. Akaandika kwenye kadi "maumivu ya kiuno", akanipa lile neno ambalo kila mja mzito amewahi kupewa: "Ni kawaida, mama. Mimba hiyo." Foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye mwembe, simlaumu sana. Lakini nilitoka pale kama mtu aliyeomba maji akapewa kikombe kitupu.

Na kwa hesabu hakusema uongo. Karibu mwanamke 1 kati ya 5 wenye mimba hupata maumivu haya ya nyonga. Lakini malaria nayo kwetu ni ya kawaida, na sijawahi kusikia mtu akiambiwa aizoee.

Hebu tuangalie kinachouma. Fupanyonga ni pete ya mifupa, na pete hiyo imeungwa mahali patatu. Nyuma pana maungio mawili. Ukipapasa vile vishimo viwili vilivyo juu ya makalio, uko jirani nayo. Mbele, kwenye kinena, mfupa wa kulia na wa kushoto hukutana, na kati yake pana gegedu lililofungwa kwa kano imara. Kwa mwanamke asiye na mimba, nafasi iliyo kati ya mifupa hiyo miwili ya mbele ni milimita 4 hadi 5. Mimba ikiingia huongezeka milimita 2 au 3. Huo ni unene wa njiti ya kiberiti, au kuzidi kidogo. Fikiria, njiti moja ya kiberiti, na mtu mzima anashindwa kuvaa chupi akiwa amesimama.

Anayefungua nafasi hiyo ni mwili wenyewe, kwa kumwandalia mtoto njia. Mwaka 1926 mwanasayansi mmoja wa Marekani, Frederick Hisaw, alichukua majimaji ya damu ya wanyama wenye mimba akawadunga simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa sana huko Nyanda za Juu Kusini. Kano ya kinena ya simbilisi ikalegea. Ndivyo ilivyoanza kujulikana homoni iliyokuja kuitwa relaksini. Simbilisi anaihitaji hasa, maana watoto wake huzaliwa wakubwa, wana manyoya na macho wazi, na pasipofunguka mbele hawapiti. Sisi binadamu hatufunguki kiasi hicho, lakini kazi ni ile ile.

Watu wakishasikia habari za homoni huridhika. Wanasema, aha, kumbe homoni, basi hakuna la kufanya. Mimi naona wanamkamata mtuhumiwa wa kwanza aliyeonekana mtaani. Waliopima homoni hiyo kwenye damu hawakukuta kwamba kila mwenye nyingi ndiye anayeumwa zaidi. Wanaoumwa zaidi huwa wale waliokuwa na maumivu ya mgongo au nyonga hata kabla ya mimba, walioumia nyonga kwa kuanguka au ajali, wenye kazi nzito. Pete ikishalegea, inayoiumiza ni namna inavyovutwa. Ikivutwa sawasawa pande zote mbili hustahimili. Ikivutwa upande mmoja, hulia.

Ukilielewa hilo, umeelewa karibu yote. Maumivu haya yana ugomvi na mguu mmoja. Angalia yanapokupata: unapopanda ngazi, unapojigeuza kitandani usiku, unapoinua mguu kukanyaga kile kidato kirefu cha daladala na konda anapiga bati kuondoa gari, unapobeba ndoo ya maji mkono mmoja, unapombeba mtoto mkubwa ubavuni, unapochuchumaa chooni na kutaka kusimama. Kila mara uzito wote umekwenda upande mmoja, au mapaja yameachana.

Kwa hiyo ukienda kliniki, usiseme "kiuno kinaniuma, nesi". Kiuno kinamuuma kila aliyekaa kwenye benchi lile. Weka kidole mahali panapouma. Sema: hapa mbele, na hapa nyuma kulia, nikigeuka kitandani, nikipanda ngazi, nikitembea kutoka nyumbani mpaka sokoni. Nesi aliyechoka atasikia tofauti. Kisha uliza kama hospitali ina chumba cha fiziotherapia. Hospitali nyingi za mkoa zinacho, mara nyingi mwisho wa korido, na wengi hudhani ni cha wazee waliopooza na vijana waliovunjika miguu kwenye bodaboda.

Mimi nilikipata chumba hicho kwa bahati, nikimfuata shangazi yangu aliyekuwa na goti bovu. Dada mmoja wa mazoezi aliniona ninavyotembea, nikiyumba kama bata, akaniambia nipande kitandani na mimi. Nilale chali kidogo tu. "Inua mguu wa kulia, kiasi cha shibiri moja kutoka kwenye godoro. Usikunje goti." Nikajaribu. Mguu ulikuwa mzito kana kwamba umefungiwa jiwe la kusagia. Ukanyanyuka kidogo, ukashuka, na kinena kikaniwaka. Akaja akasimama pembeni, akaweka viganja vyake huku na huku kwenye nyonga zangu, akazibana kuelekea ndani kama mtu anayebana pakacha lililoachia. "Inua tena." Mguu ukapanda. Ukapanda kama mguu wangu wa siku zote. Nilicheka, halafu, sitawaficha, nikalia. Miezi miwili watu walikuwa wakiniambia nivumilie, kumbe palitakiwa viganja viwili vya kubana.

"Sasa viganja vyangu hutatoka navyo," akasema. "Una kanga?"

Mwanamke wa pwani asiye na kanga kwenye mkoba sijamwona. Akaikunja kwa urefu, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka ikabaki upana wa kiganja. Akaipitisha chini ya tumbo, wala isiguse tumbo lenyewe, ikazunguka nyonga pale zinapotokeza pembeni, nyuma ikapita juu ya makalio. Akaivuta, akafunga fundo pembeni ili lisinichome nikikaa. Akaniambia nitembee mpaka dirishani na kurudi. Nikaenda, nikarudi.

Hiki si kingine ila kibwebwe. Kwenye maduka ya dawa utakuta mikanda ya wajawazito, ya kunata, mingine bei inatisha. Kazi yake ni hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito, limeutaja mkanda wa kushikilia nyonga pamoja na fiziotherapia na tiba ya sindano za Kichina, na likashauri mazoezi ya mara kwa mara muda wote wa mimba ili kuzuia maumivu ya mgongo na nyonga. Hizo sindano usizicheke. Huko Göteborg, Sweden, wajawazito 386 walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005: waliochomwa sindano walipata nafuu kuliko waliofanya mazoezi ya kuimarisha viungo, na hao wa mazoezi nao walipata nafuu kuliko walioachiwa matunzo ya kawaida peke yake. Ukimpata mtaalamu aliyesomea na anayejua kwamba una mimba, haya. Usipompata, kanga ipo.

Masharti ya kibwebwe ni machache. Kikaze ukiwa unatembea au unafanya kazi, kifungue ukilala. Kikipunguza maumivu, kiko mahali pake. Kikiongeza, au mapaja yakafa ganzi, kimekaa vibaya au hakikufai, kifungue. Na usikubali mtu akubane tumboni "ili mtoto asishuke".

Nimekuwa nikilifikiria neno hili. Kujifunga kibwebwe kwa Kiswahili chetu ni kujitosa kwenye kazi kwa nguvu zote. Viongozi majukwaani kila siku wanatuambia tujifunge vibwebwe. Lugha imekichukua kitambaa kilichokuwa kinamshika mwanamke kiuno, ikakifanya neno la kumwongezea kazi.

Turudi nyumbani, kwenye kitanda. Usiku ndio mahakama ya maumivu haya. Lala ubavu, weka mto kati ya magoti, mrefu ufike mpaka kwenye vifundo vya miguu, au kunja kanga tatu. Ukitaka kugeuka, banisha magoti, kisha bega na nyonga vigeuke kwa pamoja kama gogo. Usitangulize mguu mmoja ukauburuta mwingine. Kuamka, geuka ubavu kwanza, shusha miguu yote miwili pamoja, jisukume kwa mkono. Nguo za chini vaa umekaa. Ngazi panda kidato kimoja kimoja: panda na mguu mzima, shuka na mguu unaouma. Kwenye bajaji au taksi, kaa kwanza, kisha ingiza miguu yote miwili kama umevaa sketi ya kubana. Bodaboda sina ushauri nayo zaidi ya kuiacha. Ukipanda mguu huku na huku nyonga zinaachana, ukikaa upande unaweza kuanguka.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani wa peke yake, na nashangaa hakitajwi kwenye vijitabu. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu, kimewasitiri wazee wengi na kitakusitiri na wewe. Anayeswali, na kusujudu na kuinuka kumemshinda, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali ameketi, chukua kiti. Mwenye bahari jirani, aingie na kanga yake maji ya kifuani, maji yametulia, na mtu wa kumwangalia, atembee taratibu. Maji yanakubebea tumbo, na kwa nusu saa utasahau. Ila usiogelee kwa kupiga miguu kama chura. Na la chumbani, kwa kuwa saa hizi watoto wako shule, nitalisema: mke akilala ubavu ni salama zaidi kuliko kutanuliwa mapaja. Mume anayesikiliza redio hii amenielewa.

Usilale kitandani mchana kutwa pia. Misuli isiyofanya kazi hulegea, na pete inakosa mshikaji. Tembea mwendo mfupi, hatua fupi, pumzika, rudi. Bana misuli ile unayozuilia mkojo, hesabu mpaka tano, achia. Piga magoti na viganja sakafuni, tumbo lining'inie, upe mgongo pumziko.

Dawa. Hapa nitakuwa mkali. Parasetamoli, ile ya kawaida, kwa kipimo alichokuandikia mhudumu wa afya, ndiyo ya kuanzia. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka la dawa litakupa bila kuuliza tumbo hilo lina miezi mingapi, usizimeze bila daktari. Oktoba 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya dhidi ya dawa za kundi hilo kuanzia wiki ya 20 ya mimba, kwa sababu zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji anayoelea ndani yake. Mimba ikikaribia mwisho, zinaweza pia kuubana mapema mshipa mmoja wa damu karibu na moyo wa mtoto ambao haujafika wakati wa kufunga. Na zile za kuchua za kwenye tyubu soma maandishi. Nyingine ni diklofenaki hiyo hiyo imevaa nguo nyingine. Mwenye mikono mizuri akikukanda mgongo na makalio kwa mafuta ya nazi, mpole, mshukuru. Akitaka kukanda tumbo, mshike mkono.

Kuna maumivu yanayojifananisha na haya. Yakija na kuondoka kwa mpangilio, tumbo likikaza na kulegea, na bado hujafikisha wiki ya 37, huo huenda ni uchungu, nenda. Damu, maji kuvuja, homa, mkojo unaochoma, mtoto kupunguza kucheza, mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma, ganzi katikati ya mapaja au mkojo kutozuilika: usisubiri tarehe ya kliniki. Usinisikilize mimi tena, zima redio, nenda.

Siku ya kujifungua nayo isikukute kimya. Kabla ya siku hiyo, keti kwenye ukingo wa kitanda uone magoti yanaweza kuachana kiasi gani bila kuuma. Mwambie mkunga kipimo hicho mapema, kabla uchungu haujakufunga mdomo. Unaweza kuzaa umelala ubavu, au umepiga magoti na kushika kitanda. Nyonga kuuma peke yake si sababu ya kupasuliwa. Baada ya mtoto kutoka, wengi hupata nafuu kwa wiki au miezi michache. Isipokuwa hivyo, rudi kwenye kile chumba cha mwisho wa korido; usingoje mtoto aanze shule.

Sasa nije kwenye lililokuwa gumu kuliko yote. Yule dada wa mazoezi aliniandikia kikaratasi. Hakikuwa na dawa hata moja. Kiliandikwa: asibebe ndoo, asipige deki kwa kuinama, asikune nazi, asimbebe mtoto ubavuni. Nikakisoma kwenye daladala na kujiuliza: nani akune? Kikaratasi kile hakikuwa changu. Kilikuwa cha watu wote wa nyumbani, ila kimewekwa kwenye mkoba wangu. Naamini ndiyo maana nafuu ya maumivu haya ni adimu kwetu: kidonge ningemeza peke yangu, lakini ndoo ya maji lazima ibebwe na mtu mwingine.

Nilikiweka juu ya kabati la vyombo. Mama mkwe alimwita wifi amsomee, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sisi tulikuna mpaka siku ya uchungu." Yakaishia hapo. Usiku nilitoka kwenda uani nikiwa nimeshika ukuta, nikamkuta ameketi barazani. Akanitazama ninavyohesabu hatua. Akasema, taratibu, "Mimba ya mumeo huyu, nilikuwa naenda chooni kwa kutambaa. Ukweni. Usiku wasinione." Nikamuuliza alimwambia nani. "Ungemwambia nani, mwanangu?"

Ijumaa iliyofuata alimwita mwanawe kutoka sebuleni, akampa nazi tatu na mbuzi. Mume wangu aliikalia kama mtu aliyepakiwa kwenye ngalawa isiyo na makasia. Alikuna kwa hasira, akakandamiza mpaka kwenye kifuu, na tui likatoka na rangi ya chai ya maziwa. Mimi nilikuwa kwenye kiti chenye mgongo, kibwebwe kimekaa mahali pake, nachambua mchele. Mama mkwe alilitazama tui, akamtazama mwanawe, akamwambia, "Ijumaa ijayo usikandamize sana."